Kadi ndiyo konda: mwongozo kamili wa kusafiri ndani ya London

Shangazi yangu alitua Heathrow akitokea Tanga na masanduku mawili, pamoja na kikapu cha ukili alichokataa katakata kumwachia mtu. Tulipofika kwenye mageti ya treni akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, konda yuko wapi?" Nikamwonyesha kile kiduara cha njano juu ya geti. "Ndiye huyo, shangazi."

Tulicheka, lakini sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo. Konda wa London ni mashine. Hapigi kelele, hasukumi mtu, wala hakudai chenji. Ila hakumbuki sura yako, anakumbuka kadi tu, na usipomuaga unaposhuka atakukata nauli ya juu kabisa. Nimeishi mashariki ya jiji hili muda wa kutosha kupoteza pesa kwa kila mtindo, na karibu kila peni niliyopoteza ilitokana na kutojua konda huyu anahesabuje. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inamhusu yeye. Mengine ni kujua upande upi treni inaelekea.

Unachokutana nacho

Usafiri karibu wote wa ndani ya jiji uko chini ya mamlaka moja, Transport for London, inayofahamika kwa kifupi kama TfL, iliyoanzishwa mwaka 2000. Treni za chini ya ardhi wenyeji huziita Tube. Ndizo za kwanza duniani: tarehe 10 Januari 1863 treni ya moshi, ndiyo, ya moshi ndani ya handaki, ilianza kubeba abiria kati ya Paddington na Farringdon. Leo kuna laini 11 na vituo 272, na usidanganywe na jina, kwani zaidi ya nusu ya reli hizo ziko juu ya ardhi.

Pembeni ya Tube kuna laini ya Elizabeth, ya zambarau, iliyofunguliwa tarehe 24 Mei 2022, mpya na yenye nafasi kuliko zote. Kuna DLR, reli nyepesi ya upande wa mashariki, iliyoanza mwaka 1987, ambayo haina dereva. Watoto hugombea kiti cha mbele kabisa wajifanye wao ndio wanaoendesha, na watu wazima pia, wakiona hakuna anayewatazama. Kuna Overground, mtandao wa treni za juu ya ardhi, ambao tangu Novemba 2024 umegawanywa katika laini sita zenye majina yake: Lioness, Mildmay, Windrush, Weaver, Suffragette na Liberty. Kuna tramu za Croydon na Wimbledon, mabasi mekundu, na treni za makampuni mengine zinazotoka nje ya jiji. Ndani ya kanda za nauli za London kadi moja inakupitisha kwenye hizo zote.

Hatua ya kwanza: chagua kadi moja, usiibadilishe

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Ukimpa dereva noti, atakutazama tu. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kadi ya benki yenye ile alama ya mawimbi manne, au simu yenye Apple Pay au Google Pay. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa Dar, Nairobi au Kampala kwa kawaida hukubaliwa, lakini benki yako inaweza kukukata ada ya kubadilisha fedha. Iulize kabla ya kupanda ndege, na uihakikishe kadi imefunguliwa kutumika nje ya nchi. M-Pesa haina kazi getini.

Ya pili ni Oyster, kadi ya buluu ya TfL yenyewe, iliyoanza mwaka 2003. Unainunua kwenye mashine za kituoni, unaiwekea salio, unalitumia. Pesa ya kununulia kadi hairudi, lakini salio ni lako. Nauli ya mtu mzima ni sawasawa na ya kadi ya benki, kwa hiyo mwenye kadi ya benki inayofanya kazi hana sababu ya kununua Oyster, isipokuwa kama ana watoto au ana haki ya punguzo. Hayo tutayafikia.

Jambo la msingi: konda anahesabu kadi, hahesabu mtu. Simu yako na kadi yako ya plastiki, hata zikitoka kwenye akaunti moja ya benki, kwake ni abiria wawili. Mimi mwenyewe asubuhi moja niliingia kwa simu, betri ikazimika njiani, nikatoka kwa kadi ya plastiki. Konda akaona mtu mmoja aliyeingia asitoke, na mwingine aliyetoka bila kuingia. Nikakatwa mara mbili, zote kwa nauli ya juu. Tangu siku hiyo kadi yangu ya safari inakaa peke yake kwenye mfuko wa koti, wala haichangamani na nyingine kwenye pochi.

Pia kila mtu awe na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupita geti kwa kadi moja.

Hatua ya pili: kutoka uwanja wa ndege

Wengi wetu tunatua Heathrow, na hapo mgeni anachaguliwa na matangazo badala ya kuchagua mwenyewe. Mabango makubwa yanakuelekeza Heathrow Express, inayofika Paddington kwa dakika 15. Ni kweli ina kasi. Lakini nauli ya kununua siku hiyohiyo ni pauni 25 au zaidi, na Paddington huenda siko unakokwenda.

Laini ya Piccadilly, ya buluu iliyokolea, ndiyo ya bei nafuu. Mwaka 2025 kutoka Heathrow hadi katikati ya jiji ilikuwa pauni 5.80. Inachukua karibu saa nzima, na mabehewa yake ni membamba. Elizabeth iko katikati: inafika mapema zaidi, ina nafasi ya masanduku, na vituo vyake vyote havikulazimishi kupanda ngazi, ila nauli yake kutoka Heathrow hadi katikati ya jiji inazidi mara mbili ya Piccadilly. Mwenye sanduku moja namwambia apande Piccadilly. Mwenye masanduku matatu na mtoto mgongoni namwambia alipie Elizabeth asahau.

Shangazi nilimleta East Ham kwa Piccadilly, na njia hii inafaa kuijua. Hukai kwenye treni hadi katikati ya jiji uanze kuburura mizigo kwenye ngazi. Unashuka Hammersmith, unavuka jukwaa hilohilo hatua chache tu, na upande wa pili unapanda District, ya kijani, inayoelekea mashariki. Hakuna ngazi wala lifti, ni kuvuka tu kama unavuka sebule. Tuliacha treni moja ya District ipite kwa sababu ilikuwa imeandikwa Tower Hill, yaani ingeishia njiani. Tukangoja iliyoandikwa Upminster.

Gatwick hakuna Tube, ila kuna treni za kawaida na unaweza kugusa kadi. Kadiria muda, na ukumbuke Gatwick Express ni ghali kuliko nyingine zinazopita reli hiyohiyo. Luton unashuka kituo cha Luton Airport Parkway na kumalizia kwa kitreni kidogo hadi uwanjani, na huko Oyster haifanyi kazi, ni kadi ya benki. London City ndio rahisi kuliko vyote, kwa kuwa DLR inaingia hadi mlangoni.

Hatua ya tatu: gusa ukiingia, gusa ukitoka

Kwenye treni za aina zote, unagusa kiduara cha njano unapoanza safari na unapoimaliza. Shika kadi pale mpaka usikie mlio na uone taa ya kijani. Mgeni hupenda kuipitisha haraka kama anafukuza nzi, geti linakataa, foleni nyuma yake inaanza kupumua kwa nguvu. Tulia.

Tatizo linaanzia vituo visivyo na geti. Vituo vingi vya DLR, na baadhi ya vituo vya treni vya nje kidogo, vina nguzo tu yenye kiduara. Hakuna anayekuzuia kupita. Ukitoka bila kugusa, konda hajui ulishukia wapi, kwa hiyo anakukata nauli ya juu. Ukiingia bila kugusa, na wakaguzi wakakukuta, faini ni pauni 100, inayopungua hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. "Sikujua" wameshaisikia.

Halafu kuna viduara vya waridi. Hivi sijawahi kuona mgeni aliyeelezwa, na vinaokoa pesa kwelikweli. London imegawanywa katika kanda, kanda ya 1 ikiwa katikati na nyingine zikiizunguka kama maganda ya kitunguu. Heathrow iko kanda ya 6. Safari inayopita kanda ya 1 ni ghali kuliko inayoizunguka. Sasa ukizunguka kwa nje na kubadilisha treni kituo kama Stratford, Highbury & Islington au Canada Water, konda anajuaje kwamba hukupita katikati? Hajui, mpaka umwambie. Unapobadilisha treni, gusa kile kiduara cha waridi kilichosimama jukwaani. Hakikati kitu, kinaandika tu kwamba ulipita pale. Rafiki yangu mmoja alikwenda kazini hivyo miezi minane akilipa nauli ya kupita kanda ya 1 bila kuikanyaga.

Ukikosea, fungua akaunti kwenye tovuti ya TfL au programu yao, sajili kadi yako, na utaona kila safari na ulichokatwa. Safari isiyokamilika unaiombea marejesho hapohapo. Na kuna la ziada ambalo wengi wanaliacha mezani: Tube au DLR ikikuchelewesha dakika 15 au zaidi, kwa sababu iliyo ndani ya uwezo wao, unaweza kudai nauli yako. Kwa Overground na Elizabeth ni dakika 30. Unadai ndani ya siku 28.

Hatua ya nne: soma jina la mwisho

Ramani ya Tube ni nzuri na ni mwongo. Ilichorwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi, na ikatoka kwa umma mwaka 1933. Alinyoosha reli kama nyaya za umeme na kuweka vituo kwa nafasi inayopendeza macho. Umbali halisi haumo. Kati ya Leicester Square na Covent Garden, kwa mfano, ni kama mita 260 tu. Ukishuka ngazi, ukangoja treni, ukapanda, ukangoja lifti ya Covent Garden, mwenzako aliyetembea kwa miguu ameshakunywa chai. Na ukiona lifti ya pale ina foleni usijitie ushujaa wa kupanda ngazi, kwani ni 193 za kuzunguka.

Ramani itakuambia laini na rangi. Kinachokuokoa jukwaani ni maneno yaliyo mbele ya treni na kwenye kibao cha juu: jina la kituo cha mwisho. Ni kama daladala. Rangi ya ubavuni haitoshi, unasoma kibao cha kioo cha mbele. Laini nyingi zina matawi, na treni mbili zinazofuatana jukwaa moja zinaweza kwenda pande tofauti kabisa.

Northern, nyeusi, ndiyo bingwa wa kupoteza watu. Katikati ya jiji inagawanyika njia mbili, moja kupitia Bank na nyingine kupitia Charing Cross. Kaskazini inakwenda Edgware au High Barnet, na treni chache Mill Hill East. Kusini inakwenda Morden, na tangu Septemba 2021 kuna tawi la Battersea Power Station. Kwa hiyo swali lako jukwaani ni mawili kwa pamoja: inaishia wapi, na inapitia wapi? Kibao kitaandika, kwa mfano, Morden kupitia Bank.

Piccadilly kuelekea magharibi ni hatari ya aina nyingine, kwa sababu ukiikosea unakosa ndege. Baada ya Acton Town inagawanyika, tawi moja likienda Heathrow na lingine Rayners Lane na Uxbridge. Nyingine zinaishia Northfields. Hata za Heathrow si sawa: kuna zinazokwenda Terminal 4 na kuna zinazokwenda Terminal 5, zote zikipitia Terminal 2 na 3. Ukikosea ukishafika Heathrow si msiba, kusafiri kati ya terminal na terminal kwa treni ni bure, ila utapoteza dakika usizokuwa nazo.

Circle, ya manjano, haina mduara tena tangu mwaka 2009. Inaanza Hammersmith, inazunguka mara moja, inaishia Edgware Road. Na kwa kuwa Hammersmith na Edgware Road kila moja ni vituo viwili tofauti vyenye jina moja, vikitenganishwa na barabara, usipange kukutana na mtu "pale Edgware Road" bila kutaja laini.

Adabu ni chache. Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Acha watu washuke kwanza. Pombe imepigwa marufuku tangu Juni 2008. Usimsalimie kila unayekaa naye. Shangazi aliwaamkia watu wote wa behewa letu, na mzee mmoja tu ndiye aliyejibu, kwa furaha kubwa, hadi Upton Park.

Hatua ya tano: usidharau basi

Mgeni huikimbilia Tube kwa sababu ndiyo yenye sifa. Mkazi mwenye mshahara wa kawaida anaishi kwenye basi. Mwaka 2025 nauli ya basi ilikuwa pauni 1.75, iwe unakwenda vituo viwili au unavuka nusu ya jiji, na kanda hazihusiki kabisa. Zaidi ya hapo, ndani ya saa moja tangu ulipogusa mara ya kwanza, mabasi na tramu nyingine zote unazopanda ni bure, mradi uguse kadi ileile. Kinachoangaliwa ni muda wa kupanda basi la mwisho. Ukigusa dakika ya 58, safari hiyo imo ndani hata kama itachukua saa nzima nyingine. Unaweza kwenda dukani na kurudi kwa nauli moja ukiwa na miguu myepesi.

Namna ya kupanda: kila kituo kina herufi juu ya nguzo. Kwenye makutano makubwa kuna vituo kumi na zaidi, na programu itakuambia "kituo F", si "kile cha karibu na benki". Basi likija, nyosha mkono. Panda mlango wa mbele, gusa mara moja tu, na ushuke mlango wa kati bila kugusa tena. Kushuka, bonyeza kitufe chekundu. Hakuna haja ya kupaza sauti "Shusha!", na hutashushwa kati ya kituo na kituo hata ukimwomba dereva kwa machozi. Tramu nayo unagusa kabla ya kupanda tu, isipokuwa Wimbledon ambako kuna mageti.

Mama mwenye kigari cha mtoto ajue kwamba ile nafasi ya katikati ni ya kiti cha magurudumu kwanza. Akipanda mwenye kiti, kigari kinakunjwa. Mabasi yote yana njia ya kumpandisha mwenye kiti. Kwenye Tube, ni takriban theluthi tu ya vituo visivyolazimisha ngazi, kwa hiyo mwenye magoti mabovu, mjamzito wa miezi ya mwisho au mwenye mizigo apange safari yake kwa basi, DLR au Elizabeth.

Kusini mwa mto Thames vituo vya Tube ni vichache. Peckham hakuna, Lewisham hakuna. Huko maisha ni basi na treni za juu, na kadi ni ileile. Na ukiwa Woolwich, kuna kivuko cha kuvuka mto kisicholipiwa tangu mwaka 1889. Watu wa Likoni watajiona wako nyumbani, ila hapa hakuna kusukumana.

Hatua ya sita: saa na kikomo

Treni zina nauli mbili. Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, 06:30 hadi 09:30, yaani saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha 16:00 hadi 19:00, saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Nje ya hapo, na wikiendi na sikukuu, nauli inashuka. Ukigusa 09:28 unalipa ya msongamano. Utaona watu wazima wenye akili zao wamesimama mbele ya mageti wakitazama saa, na si wehu. Jioni, anayeingia kanda ya 1 kutoka nje analipa nauli ndogo hata saa kumi na moja. Safari za Tube kati ya Heathrow na kanda ya 1 ni nauli ya juu saa zote, kwa hiyo usijichoshe kungoja.

Sasa upande mzuri wa konda. Ana kikomo. Ukishafikisha kiasi fulani kwa siku, anaacha kukukata, na unasafiri bure hadi siku iishe. Mwaka 2025 kikomo cha kanda ya 1 na 2 kilikuwa pauni 8.90, na cha mabasi na tramu peke yake pauni 5.25. Siku yake haianzi usiku wa manane, inaanza 04:30 alfajiri. Kuna pia kikomo cha wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatano hawezi kukifaidi vizuri, kwa sababu wiki yake imekatwa katikati.

Kuhusu saa zenyewe, neno moja kwa sisi tunaohesabu kuanzia alfajiri. Vibao vyote hapa ni vya saa 24. Treni ya 07:15 ni ya saa moja na robo asubuhi, na ya 19:15 ni ya saa moja na robo usiku. Ukimwambia mwenyeji kwa Kiingereza "two o'clock" ukimaanisha saa mbili, mtapishana kwa saa sita. Kosa baya zaidi ni la baada ya usiku wa manane. Tiketi ya basi la mbali iliyoandikwa Jumamosi 00:30 ni ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Kwa mtu aliyezoea siku kuanza jua likizama hilo liko wazi, lakini nimeshuhudia vijana wetu wakifika kituoni Jumamosi usiku, na basi limeondoka saa 24 zilizopita.

Watoto, wanafunzi na wazee

Walio chini ya miaka 11 hawalipi basi, na kwenye Tube mtu mzima mmoja anaweza kuingia na watoto wanne wa umri huo bure. Pitia geti pana. Wa miaka 11 hadi 15 wanaokuja matembezi, mnunulie kila mmoja Oyster na umwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la mgeni kijana, ambalo hudumu hadi siku 14. Hii ndiyo sababu niliyosema ya kununua Oyster: kadi ya benki hutoza nauli ya mtu mzima hata ikishikwa na mtoto. Wanaoishi hapa waombewe kadi ya Zip yenye picha.

Mwanafunzi wa chuo cha London aombe Oyster ya wanafunzi, inayopunguza 30 kwa mia kwenye tiketi za wiki na za mwezi, si kwenye safari mojamoja. Mkazi aliyefikisha miaka 60 anayo kadi ya kusafiri bure, isiyofanya kazi asubuhi kabla ya 09:00 siku za kazi. Ni ya wakazi. Shangazi alihuzunika kusikia hivyo.

Usiku, wikiendi na Krismasi

Siku za kawaida Tube hufungwa karibu na saa sita usiku au muda mfupi baadaye. Ijumaa na Jumamosi usiku laini tano huendelea hadi asubuhi, baadhi yake kwa sehemu tu: Victoria, Jubilee, Central, Northern na Piccadilly. Usiku mwingine ni mabasi, ya saa 24 na yale yenye herufi N mbele ya namba. Panda moja saa kumi alfajiri uone jiji halisi: wafagiaji wa maofisini, walinzi, wahudumu wa hospitali, vichwa vimeegemea vioo vyenye ukungu, na lugha za nusu ya Afrika zikinong'ona ghorofa ya chini.

Wikiendi ndipo wanapotengeneza reli. Ijumaa jioni fungua programu ya TfL Go au Citymapper utazame laini yako ipo au imefungwa. Usitegemee kwamba ilikuwepo Jumamosi iliyopita.

Na tarehe 25 Desemba hakuna usafiri wa umma, hakuna Tube, hakuna basi. Kama pilau la Krismasi liko Tottenham na wewe unakaa Croydon, lala huko tangu mkesha, na uwahi, kwa sababu mkesha nao treni huacha mapema.

Ukitoka nje ya jiji

Kadi ina mwisho wake, na mtego ninaoujua vizuri uko kwenye Elizabeth kuelekea Reading. Kadi ya benki inafika Reading. Oyster inaishia West Drayton. Treni ileile, kiti kilekile, lakini mwenye Oyster akifika Slough au Reading kwa jamaa zake hana nauli halali. Kwa miji ya mbali, kama Birmingham, Leicester au Manchester, nunua tiketi mapema, kwani ya siku hiyohiyo inaweza kukufanya ukae kitako. Mwenye muda kuliko pesa aende Victoria Coach Station apande basi la mbali.

Kurudi Heathrow

Tazama terminal yako kwenye tiketi kabla ya kutoka nyumbani, soma jina la mwisho mbele ya treni, na ondoka saa moja kabla ya unavyodhani inatosha. Salio lililobaki kwenye Oyster unaweza kudai lirudishwe, au uliache, kwani haliishi muda. La shangazi liko Tanga, ndani ya kopo la biskuti kabatini, pauni nne na ushee. Amekataa kunirudishia kadi. Anasema konda bado anamdai safari moja.